Kutyuni gitaa, udi na zeze kwa maikrofoni ya simu: mwongozo kamili

Uzi wa kwanza niliokata kwa sababu ya simu ulikuwa wa tatu, wa G, nyuma ya ukumbi wa harusi. Jenereta linanguruma ukutani, spika zimeshawashwa, MC ameshatutaja. Nikafungua programu ya kutyuni, nikapiga uzi, mshale ukasema: G, ila uko chini kidogo. Nikakaza. Ukasema vilevile. Nikakaza tena. Vilevile. Nikazungusha mpaka uzi ukakatika na kunichapa kiganja.

Simu haikuwa mbovu. Haikuwa ikilisikiliza gitaa langu kabisa. Umeme wetu hutembea kwa mizunguko 50 kwa sekunde, na spika yenye mvumo huvuma mara nyingi kwenye maradufu yake, 100 Hz, yaani mizunguko 100 kwa sekunde. Jenereta dogo likielemewa hupunguza mwendo. Likishuka hadi mizunguko 48, mvumo huwa 96 Hz, na noti ya G ya chini ni 98. Hesabu hiyo niliifanya baadaye sana, nimekaa nyumbani, nikacheka peke yangu: nilikuwa nakaza gitaa ili jenereta lipande.

Basi jambo la kwanza kabisa: ukizungusha ufunguo na mshale usitikisike, acha. Anayesikilizwa si wewe.

Simu inahesabu nini

Makosa yote ya programu hizi yanatoka mahali pamoja, kwa hiyo inafaa kujua zinafanyaje kazi kabla ya kugusa uzi.

Uzi ukipigwa hutikisika kwenda na kurudi. Uzi wa A wa gitaa hufanya hivyo mara 110 kwa sekunde, ndiyo maana ya 110 Hz. Maikrofoni ya simu hupima msukumo wa hewa mara 44,100 kwa sekunde (simu nyingine 48,000) na kila kipimo huandikwa kama namba. Mzunguko mmoja wa uzi wa A unachukua namba kama 401. Kazi yote ya programu ni kuipata hiyo 401.

Inaipataje? Chukua kitenge chenye ua linalojirudia. Tandika vipande viwili vya kitenge hicho hicho, kimoja juu ya kingine, kisha kisukume cha juu taratibu. Maua yatavurugika, halafu ghafla yatalaliana tena sawasawa. Umbali uliosukuma ndio urefu wa mchoro mmoja. Programu inaifanyia sauti hivyo hivyo: inachukua kipande kifupi, inakisogeza juu ya nakala yake, na kutafuta pale zinapolaliana. Njia hii huitwa otokorelesheni. Ndugu yake aliye makini zaidi, anayetumika sana leo, anaitwa YIN. Alain de Cheveigné na Hideki Kawahara waliichapisha mwaka 2002.

Kitenge hicho hicho kinaonyesha pia programu inapojikwaa. Ukiendelea kusukuma, maua yatalaliana tena kwenye mchoro wa pili. Programu ikiuchagua huo, itakutajia noti ile ile, oktavu moja chini, yaani kwa nusu ya mitikisiko yake. Na kama katikati ya maua makubwa kuna dogo linalofanana nayo, itadhani mchoro umeshajirudia kabla safari haijafika nusu ya pili, na kutaja oktavu moja juu. Kwenye uzi, ua dogo ni haromoniki. Uzi wa 110 Hz hautoi 110 peke yake, unatoa pia 220, 330, 440 na kuendelea. Maikrofoni ya simu iliundwa kwa ajili ya maneno ya watu, si kwa besi, na mara nyingi 220 inaifikia vizuri kuliko 110.

Wapo wanaodhani programu inapanga masafa yote kwenye mizani na kuchagua lenye nguvu kuliko yote. Kwa noti za chini njia hiyo peke yake haitoshi. Kipande cha vipimo 4,096 hutoa hatua za karibu 10.8 Hz, ilhali kutoka E ya chini ya gitaa (82.41) hadi F inayofuata (87.31) hapafiki hata Hz 5. Ni kama kupima nguo kwa rula yenye mita tupu.

Tofauti ndogo tunazipima kwa senti. Freti moja ya gitaa (hatua kutoka chuma kimoja cha shingoni hadi kinachofuata), yaani nusu-toni, ina senti 100, kama shilingi. Oktavu ina senti 1,200. Mshale ukiandika −24, umepungukiwa na karibu robo ya freti, na hata mtoto wa jirani atakuona. Mimi huridhika nikiwa ndani ya senti 3.

Swali ninaloulizwa sana ni kama simu ya bei rahisi inapima vibaya. Hapana. Kipimo hiki kinategemea saa ya ndani ya simu, na saa hizo, hata za simu ndogo, ni sahihi mno. Saa iliyokosea kwa sehemu 100 katika milioni moja ingeupotosha mshale kwa chini ya senti 0.2. Simu ya bei kubwa inaweza kukupa maikrofoni nzuri zaidi, basi. Hela iliyobaki kanunulie nyuzi.

Tayarisha simu na chumba

Tafuta tundu la maikrofoni. Kwenye simu nyingi liko ukingo wa chini, karibu na pa kuchajia. Hakikisha kasha halijaliziba na vumbi halijajaa. Kisha:

- Ruhusu programu kutumia maikrofoni, na funga nyingine zinazoirekodi.
- Kama kuna mpangilio wa kupunguza kelele, uzime. Uliundwa kutenga maneno na kelele, na uzi unaolia kwa muda mrefu bila kubadilika, kwa macho yake, ni kelele. Utaona mshale unatokea vizuri kisha unafifia wakati uzi bado unalia.
- Angalia A imewekwa Hz ngapi. Inapaswa kuwa 440, kiwango kilichopendekezwa kwenye mkutano wa kimataifa London mwaka 1939, mpaka uwe na sababu ya kukibadilisha. Sababu hiyo ipo, tutaifikia kwenye kodiani.
- Weka simu shubiri moja kutoka tundu la gitaa, juu ya goti au kiti chenye kitambaa.

Sasa nyamaza na utazame skrini kwa sekunde kumi bila kupiga chochote. Hatua hii hairukwi. Skrini tupu ni chumba kizuri. Ukiona G yenye senti kama 35 juu, ni mvumo wa umeme wa 100 Hz: friji, taa, chaja, au amplifaya. Ukiona D yenye 37 juu, ni mvumo huo huo kwenye 150 Hz, na huo ni hatari zaidi kwa sababu unakaa jirani kabisa na uzi wa D wa gitaa. Zima kinachovuma au hama. Pasipo na pa kuhamia, gusisha ukingo wenye tundu la maikrofoni kwenye mbao za gitaa. Na kama kazi yako ni ya majukwaani kila wiki, nunua tyuna ndogo ya kubana kichwani mwa gitaa. Hiyo husikia mtikisiko wa mbao, si hewa, na jenereta halina la kuiambia.

Gitaa, uzi kwa uzi

Kutoka uzi mnene kwenda mwembamba:

- Uzi wa 6, E: 82.41 Hz
- Uzi wa 5, A: 110.00 Hz
- Uzi wa 4, D: 146.83 Hz
- Uzi wa 3, G: 196.00 Hz
- Uzi wa 2, B: 246.94 Hz
- Uzi wa 1, E: 329.63 Hz

Chagua programu inayoonyesha Hz, si jina la noti tu. Jina peke yake linaficha oktavu: E ni E, iwe 82 au 329. Kama uzi ni mpya au umelegea sana, zima uchaguzi wa noti wa moja kwa moja na uiambie programu mwenyewe kuwa huu ni uzi wa tatu. La sivyo itakuvuta kwenye noti iliyo karibu, na iliyo karibu huenda siyo yako.

Zuia nyuzi nyingine tano kwa kiganja. Uzi usioguswa hulia wenyewe kwa kuitikia, na simu itasikia wawili. Piga kwa nyama ya kidole gumba, si kwa pleki, na pigia juu ya freti ya 12, katikati kabisa ya uzi. Hii si mbwembwe. Uzi ukipigwa katikati, haromoniki ya pili, lile ua dogo la kitenge, haipati nafasi, na noti ya msingi inasikika wazi zaidi. Piga kwa upole pia. Uzi uliochapwa hunyooshwa na hulia juu ya noti yake kwa muda mfupi kabla ya kutulia. Subiri kama sekunde moja ndipo usome mshale.

Ukiwa chini ya noti, kaza ufike. Ukiwa juu, usilegeze mpaka kwenye noti ukaishia hapo: legeza upite chini yake, kisha panda. Meno ya ufunguo yana nafasi kidogo kati yao, na uzi ulioachwa upande wa kulegea utaivuta nafasi hiyo katikati ya wimbo.

Ukimaliza sita, rudia zote. Kukaza uzi mmoja kunavuta shingo na kulegeza wengine kidogo, hasa kama ulianzia mbali. Mzunguko wa pili utakuwa wa kugusa tu. Nyuzi mpya zitakuomba wa tatu na wa nne: zivute kwa vidole, inua kila uzi kidogo kutoka ubaoni mara kadhaa, tyuni, vuta tena, mpaka zikome kushuka.

Uzi wa 6 ndio unaosumbua simu nyingi. Mshale unaruka, mara E, mara B, mara hakuna kitu. B hiyo ni haromoniki ya tatu, wala si uchawi. Weka kidole kigusie uzi tu juu ya chuma cha freti ya 12, bila kukandamiza, piga, kisha ondoa kidole. Utapata mlio kama kengele, E ya 164.81 Hz, oktavu moja juu, ambayo maikrofoni ndogo inaisikia bila taabu. Tyuni kwa huo.

Kisha weka simu mfukoni na ujihakiki kwa sikio. Kandamiza freti ya 5 ya uzi wa 6, ilie pamoja na uzi wa 5 ulio wazi. Fanya hivyo kwa kila jozi, isipokuwa uzi wa 3, ambao hukandamizwa freti ya 4 kuupata uzi wa 2. Kama simu imesema sawa na noti hizi mbili zinagombana, ama ulisoma mshale haraka ama freti zenyewe zina kasoro. Uipime kwa kulinganisha uzi ulio wazi na freti ya 12: zote mbili zitoe noti ile ile, zikipishana oktavu moja kamili. Freti ya 12 ikiwa juu kwa senti 10 au zaidi, hilo ni la fundi, si la kutyuni.

Udi na nyuzi pacha

Udi wa taarab una tatizo ambalo programu nyingi hazikuandaliwa nalo: nyuzi ziko mbili mbili. Kwa kawaida ni jozi tano na uzi mmoja mnene peke yake. Mpangilio unaotumika sana kwenye udi wa Kiarabu, kutoka chini, ni C (65.41), F (87.31), A (110), D (146.83), G (196) na C (261.63). Ipo mipangilio mingine pia, na kama mwalimu wako ana wake, mfuate yeye, usinifuate mimi.

Nyuzi mbili zikilia pamoja zikiwa zimetofautiana kidogo, mshale utayumba kama mlevi. Ingiza kipande cha karatasi iliyokunjwa, au ncha ya kidole, kumnyamazisha pacha mmoja. Tyuni aliyebaki kwa simu. Kisha mwachie mwenzake, na hapa zima simu kabisa.

Nasema zima kwa sababu sikio linaishinda. Nyuzi mbili zilizo karibu hutoa wimbi linalopanda na kushuka, wa-wa-wa, na idadi ya mawimbi kwa sekunde ni tofauti yao kwa Hz. Jozi ya D iliyopishana kwa senti 5 itapumua mara moja kila sekunde mbili na ushei. Kaza taratibu, pumzi itakuwa ndefu, ndefu zaidi, mpaka ipotee. Ukivuka, itarudi. Hakuna mshale wa bure unaokuonyesha hilo kwa uwazi huo. Kanuni, ile ala ya taarab yenye nyuzi tatu tatu kwa kila noti, hutyuniwa kwa mtindo huu huu, ila uwe na kahawa karibu, zaidi ya nyuzi sabini si mchezo.

Vigingi vya udi ni mbao tupu, havina meno. Zungusha huku ukikisukumia kigingi ndani ya tundu lake, vinginevyo kitarudi nyuma mara tu ukikiachia. Kikiteleza, kipake chaki. Kikikwama, kisugue kwa kipande kikavu cha sabuni. Pwani yetu yenye unyevu itakukwamisha mara nyingi kuliko bara, na udi uliotoka chumba chenye kiyoyozi kwenda barazani upewe robo saa utulie kabla hujaanza kuulaumu.

Halafu kuna noti ambazo simu haina jina lake. Maqam (ngazi ya noti ya muziki wa Kiarabu) iitwayo Rast ikianzia C inataka E iliyo kati ya E ya kawaida na E iliyoshushwa nusu-toni. Ukiipiga vizuri kabisa, programu itawaka nyekundu na kuandika E, −50 au karibu na hapo, au itaruka huku na huku bila kujua pa kukaa. Hujakosea. Programu ina visanduku 12 tu na wewe umesimama kwenye ukuta kati ya viwili. Soma namba ya senti, usisome rangi, na kipimo cha mwisho kiwe mwimbaji.

Kodiani haisogei

Kwenye kundi, anayeshika sheria ni chombo kisichoweza kutyuniwa papo hapo. Kodiani, kwa mfano, ina ndimi za chuma ambazo hakuna atakayezigusa dakika kumi kabla ya onyesho. Mwombe mpiga kodiani ashike A kwa nguvu ya kawaida, si ya kukamua, na usome Hz. Ikitoka 442, ingiza 442 kwenye programu ya kila mwenye uzi. Hizo Hz mbili ni karibu senti 8. Peke yako hutazisikia, lakini fidla mbili na udi dhidi ya kodiani, ukumbi mzima utahisi kuna kitu kimechacha.

Kwa anayetaka kuiunda mwenyewe

Si kazi kubwa kama inavyosikika. Kwenye kivinjari, omba maikrofoni huku ukizima mambo matatu: kuondoa mwangwi, kupunguza kelele na kurekebisha ukubwa wa sauti. Uliza kifaa kinapima mara ngapi kwa sekunde, usikisie: ukidhani 44,100 kumbe ni 48,000, kila noti itasomeka karibu senti 147 chini. Chukua vipande vya vipimo 4,096. Toa wastani, na kama kipande ni kimya, kiache.

Kwa kila msogeo kuanzia kipimo 1 hadi 800, jumlisha miraba ya tofauti kati ya sauti na nakala yake. Jibu utalitafuta kati ya msogeo wa 60 na wa 800: hiyo inakupa karibu 735 hadi 55 Hz, inatosha gitaa na udi. Gawanya kila jumla kwa wastani wa zilizotangulia, kisha chagua bonde la *kwanza* lililoshuka chini ya 0.1, si lenye kina kuliko yote. Hapo ndipo makosa mengi ya oktavu yanapokufa. Kisha pitisha parabola kwenye nukta tatu za bonde hilo. Ukiruka hatua hii, kwenye uzi wa 1 wa gitaa mshale wako utaruka kwa senti 13, kwa sababu msogeo wa 133 ni 331.58 Hz na wa 134 ni 329.10, hakuna kitu katikati.

Namba ya noti ni 69 + 12 × log2(f ÷ 440). Ukipata 108.5 Hz, jibu ni 44.76: noti ya 45 ambayo ni A, pungufu ya senti 24. Onyesha namba ya katikati kati ya vipimo vitano vya mwisho, na mshale utaacha kutetemeka.

Zeze, nyatiti na vyombo visivyojua 440

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alipita Afrika Mashariki akipima vyombo kwa seti ya vyuma vya sauti 54, vilivyopishana mizunguko minne minne. Wewe una kipimo bora kuliko chake mfukoni, na kishawishi kibaya kuliko chake: mshale unaotaka kukunyoosha.

Ngazi ya muziki wa Wagogo wa Dodoma, ile ya zeze na ilimba (ala ya ndimi za chuma zinazobonyezwa kwa vidole gumba), hufuata haromoniki zenyewe za uzi. Haromoniki ya saba ya uzi wa 110 Hz ni 770, na simu itaiita G iliyopungua senti 31. Mzee aliyeityuni hivyo kwa sikio ameipata sawasawa. Ukimpelekea simu na kumshauri apandishe hizo 31, umemharibia chombo.

Kwa vyombo hivi tumia simu kama daftari, si kama mwalimu. Mwenye chombo akimaliza kukiweka sawa, piga uzi mmoja mmoja, mara tatu kila mmoja, uandike Hz za katikati pamoja na tarehe na sauti ya mwimbaji aliyekuwapo. Nyatiti, ala ya nyuzi ya Wajaluo, ina nyuzi nane, hivyo una mistari minane. Andika Hz, usiandike herufi ya noti, kwa kuwa herufi imeshazungushwa na programu. Uzi ukikatika miezi sita baadaye na mwenyewe hayupo, mistari hiyo ndiyo itakayokurudisha pale alipouacha.